Daftari la Kisima: Kwa Nini Bado Nadai Mgombea Binafsi

Shikamooni wazee. Vijana, habari za mchana. Ndugu mwenyekiti, asante kwa kunikaribisha tena hapa Dodoma.

Umenipa dakika arobaini nizungumzie uchaguzi na ushiriki wa wananchi. Mada ni pana, lakini walionialika wanajua nitaishia wapi. Nitazungumzia mgombea binafsi, yaani raia anayegombea bila kudhaminiwa na chama. Nimelisema jambo hili darasani miaka yote niliyofundisha uraia. Nililipeleka mbele ya Tume ya Jaji Warioba ilipokuwa inakusanya maoni ya Katiba mpya mwaka 2012. Mara moja nimelisema hata msibani, mpaka dada yangu akanivuta kanga nikae chini. Naona watu hapa mbele walionisikia mara nne. Wanivumilie mara ya tano, maana tangu ile mara ya kwanza sheria haijasogea hata hatua moja.

Sitaanza na historia ya vyama vingi. Mwaka 1992 mnaujua, Tume ya Nyalali iliyopendekeza vyama vingi mnaijua, na asiyeijua amuulize aliyekaa karibu naye. Naanza na hiki nilichokibeba mkobani.

Hili ni kaunta buku. Wa nyuma mnaliona? Jalada lake limechakaa, mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia, na limefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli ili kurasa zisipotee. Ni daftari la kamati ya maji ya kitongoji kimoja upande wa Kondoa. Aliyeliandika ni mjomba wangu, mdogo wake mama. Jina lake silitaji, hakupenda kutajwa. Alikuwa mweka hazina wa kisima cha pampu ya mkono, na kwa miaka mingi kila ndoo iliyotoka pale iliingia humu. Mistari ameipiga kwa rula. Tarehe, jina, ndoo ngapi, shilingi ngapi, saini. Asiyejua kuandika ameweka dole gumba, na wino wa lile dole bado upo.

Nisomeeni pamoja ukurasa mmoja tu. Hapa kuna mama mmoja, ndoo mbili, na kwenye safu ya fedha mjomba ameandika: "Hajalipa. Ana mgonjwa. Kamati imeridhia." Chini yake saini tatu. Mstari unaofuata: "Ndoo moja imemwagika mlangoni, mtoto kateleza. Hailipwi." Ishirini, ishirini, ishirini, mpaka chini kabisa, kisha jumla, kisha fedha iliyopo mkononi, kisha mjumbe mwingine amehakiki na kuweka saini. Nimefanya kazi serikalini maisha yangu yote. Hesabu safi namna hii nimeziona mara chache.

Sasa watu wa kitongoji kile hawakuwa wajinga. Mwaka 2004, uchaguzi wa serikali za mitaa ulipokaribia, walikaa pale pale kisimani wakamwambia: wewe unatosha, kachukue fomu ya uenyekiti wa kitongoji. Hakuwa mtu wa siasa. Chama hakuwa nacho, kadi hakuwahi kuwa nayo tangu vyama vingi vilipoanza, na wala hakuwa na ugomvi na chama chochote. Akaenda kuchukua fomu. Akaijaza usiku kwa kibatari, kwa mwandiko huu huu. Asubuhi akairudisha.

Fomu yenyewe imo humu ndani ya daftari, imekunjwa mara nne. Ngoja niifungue polepole, karatasi imeshaanza kukatika kwenye mikunjo. Jina, umri, kazi: mkulima. Halafu panakuja pale pa kuandika chama kinachomdhamini mgombea. Mnajua mjomba aliandika nini? Ameandika: "Watu wa kisimani."

Msicheke. Aliandika kwa dhati. Aliulizwa nani anakudhamini, akajibu ukweli. Waliomdhamini ni watu wa kisimani, walikuwa zaidi ya kaya sitini, na majina yao yote alikuwa nayo kwenye daftari. Ofisa aliyeipokea fomu akamwambia, "Mzee, hii haipokeleki, rudi na chama." Akarudi nyumbani, akaikunja, akaiweka humu.

Hapo wengi hunijibu haraka. Wanasema, si angejiunga tu na chama? Kadi inauzwa bei gani? Ndiyo, alijiunga. Mwaka 2009 watu walewale walimsukuma tena, naye akachukua kadi ya chama kimoja. Akakuta tawini kuna mtu wao wa siku nyingi, aliyefagia ofisi na kubeba viti vya mikutano, na kwa haki kabisa wanachama wakampa huyo. Mimi siwalaumu. Chama kina wenyewe. Mtu aliyekitumikia chama miaka kumi hawezi kupishwa na mgeni wa miezi miwili. Lakini angalieni kilichotokea: watu kama ishirini tawini walikwishaamua, na zile kaya zaidi ya sitini za kisimani hazikupata hata nafasi ya kumkataa mjomba kwa kura zao wenyewe.

Mwaka 2014 akaenda chama kingine. Huko walimpokea kwa mikono miwili, wakampa fomu, wakampa fulana. Jina lake safari hii likafika kwa wapiga kura. Akashindwa. Kushindwa si neno, uchaguzi ndivyo ulivyo. Jambo linaloniuma ni kilichofuata kisimani. Alipovaa ile fulana, nusu ya watu waliokuwa wakimwamini waliona rangi, hawakumwona yeye. Maneno yakaanza chini chini: fedha za maji zinakwenda kwenye chama. Mwanamke aliyesamehewa ndoo mbili wakati ana mgonjwa, yule niliyewasomea sasa hivi, akaanza kuchota mtoni. Kabla mwaka haujageuka kamati ikamwomba akabidhi daftari. Akalikabidhi, na fedha iliyopo mkononi, mpaka shilingi ya mwisho. Makabidhiano yenyewe haya hapa, ameyaandika na kuweka saini.

Baada ya ukurasa huo kuna kurasa nne za mwandiko mwingine. Halafu, tazameni, karatasi nyeupe. Nyeupe mpaka mwisho. Pampu ilikufa, daftari likarudi kwa mjomba. Sisemi ilikufa kwa sababu ya Katiba. Pampu zinakufa kwa sababu nyingi, hata vipuri vya ile aina vilikuwa vigumu kupatikana. Nasema kitongoji kilikuwa na mtu mmoja ambaye kila nyumba ilimwamini, na sheria ikamlazimisha achague nusu ya nyumba kabla hajaruhusiwa kuziomba zote kura. Hilo nimeliona kwa macho yangu, ndani ya ukoo wangu.

Ngoja nimjibu na yule mzee pale anayetikisa kichwa. Najua, mzee wangu, utasema hiki ni kitongoji kimoja na mtu mmoja. Nikubalie lakini kwamba nchi hii ina vitongoji zaidi ya elfu sitini. Mwenyekiti wa kitongoji hatungi sera ya mambo ya nje. Anashughulika na mipaka ya mashamba, barua za utambulisho, mbuzi walioingia shambani, kisima. Kwa kazi hiyo ilani ya chama gani inahitajika? Sheria yetu inadai udhamini wa chama kuanzia kwa Rais mpaka pale kwenye mbuzi. Hata anayedhani Rais lazima atoke kwenye chama, na hoja hiyo naielewa, anieleze kuhusu mwenyekiti wa kitongoji.

Sasa nije mahakamani. Nipo Dodoma, na kesi hii ilizaliwa Dodoma. Ninyi vijana mnaosoma hapa mnapita karibu na Mahakama Kuu kila siku. Pale, mwaka 1993, Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri. Wakati ule chama chake, DP (Democratic Party), kilikuwa hakijasajiliwa, kwa sababu alikataa kutambua Muungano kama ulivyo. Kilikuja kusajiliwa 2002. Kwa hiyo mwaka 1993 alikuwa raia mwenye wafuasi lakini asiye na mlango wa kuingilia kwenye uchaguzi.

Niseme wazi, ili mtu asije akaniuliza mwishoni. Maneno mengi ya Mchungaji Mtikila sikuyapenda. Aliyoyasema juu ya Watanzania wenye asili ya Asia yalikuwa mabaya, na niliyakemea darasani. Lakini haki haiulizi kwanza kama tunampenda anayeidai. Alichokidai mahakamani kilikuwa sahihi, na mahakama ilimwambia hivyo.

Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alitoa hukumu: raia ana haki ya kugombea bila kudhaminiwa na chama. Hoja yake haikuwa ya kuazima mbali. Ibara ya 20 ya Katiba yetu inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi. Ukiziweka pamoja, huwezi kumwambia mtu: una haki ya kushiriki, na hakuna anayekulazimisha kuingia chama, ila usipoingia chama hugombei. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliliona hilo bila msaada.

Serikali ilifanya nini? Ingeweza kukata rufaa, hiyo ni haki yake. Ingeweza kuandaa utaratibu wa wagombea binafsi. Badala yake, hata hukumu ilikuwa haijasomwa, muswada wa kubadilisha Katiba ulikwishapelekwa bungeni. Desemba 1994 ukapita, Januari 1995 ukasainiwa, ukawa Marekebisho ya Kumi na Moja. Wakaichukua ile Ibara ya 21 na kuifunga kamba: haki ya kushiriki sasa itafuata masharti ya Ibara ya 39, ya 47 na ya 67, na masharti yenyewe ndiyo udhamini wa chama. Uamuzi wa mahakama ukawa umefutwa kabla haujatumika hata kwa kijiji kimoja. Mwalimu Nyerere, aliyekijenga chama kwa mikono yake, aliyapinga mabadiliko hayo hadharani na kwa maandishi. Hofu yake ilikuwa hii: kama haki moja ya raia inaweza kupunguzwa kwa kuongeza maneno, ya pili na ya tatu zitapona vipi? Wanaotumia jina la Mwalimu kukataa mgombea binafsi, naomba wakasome alichoandika.

Mtikila akarudi. Mwaka 2005, na kumbukeni sasa alikuwa na chama chake kilichosajiliwa, na mwaka huohuo aligombea urais kwa chama hicho. Hakuwa na shida binafsi ya mlango tena. Alirudi kwa ajili ya wengine. Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu, Manento, Massati na Mihayo, wakampa ushindi wa pili. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 17 Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema jambo hili ni la kisiasa, mahakama haiwezi kufuta kifungu cha Katiba, liende bungeni. Bunge! Ambamo kila mbunge wa jimbo amefika kwa kudhaminiwa na chama, na akikiacha chama anapoteza kiti. Ni kama kuwauliza wenye nyumba kama wapangaji wapunguziwe kodi.

Akaenda mara ya tatu, safari hii Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama ikasema Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, iruhusu mgombea binafsi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ile kusikiliza shauri mpaka mwisho na kulitolea hukumu ya msingi, na shauri lenyewe lilikuwa letu. Mwaka uliofuata ikaamuru muhtasari wa hukumu utafsiriwe na uchapishwe kwa Kiswahili pia, ili wananchi wausome. Fidia ya fedha aliyoomba Mchungaji hakupewa.

Alifariki ajalini, Mkoa wa Pwani, tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Miaka 22 tangu afungue jalada la kwanza hapa Dodoma. Alikwenda mahakamani mara tatu kudai haki hiyo, hukumu tatu zikamwambia anayo, na hakuna hata siku moja aliyoitumia. Mwaka 2019 nchi ikajiondoa kwenye tamko linaloruhusu raia kuishtaki moja kwa moja kule Arusha. Mtikila wa leo njia ile hana.

Muda unakwenda, nimeona saa. Nijibu pingamizi.

La kwanza, umoja wa kitaifa. Hili ndilo serikali ililisema mahakamani kila mara: wagombea binafsi wataleta ukabila na udini. Turudi nyuma kidogo. Agosti 1960, Tanganyika bado iko chini ya Mwingereza, ukafanyika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti 71. Majimbo 58 mgombea wa TANU alipita bila kupingwa. TANU ikachukua viti 70. Kimoja kilichobaki ni Mbulu. Chama kilimpitisha Chifu Amri Dodo. Mwanachama mwingine wa TANU, Herman Sarwatt, akaona watu wa Mbulu hawakuulizwa, akasimama peke yake, na watu wakampa. Je, Tanganyika ilipasuka? Sarwatt aliingia barazani akakaa upande wa TANU, akafanya kazi. Miezi kumi na sita baadaye tukapata uhuru. Mbulu ilibaki Tanganyika, na watu wake walikuwa wamekiambia chama kwa adabu kwamba hapa mmekosea mtu. Chama kilisikia. Mimi naona hiyo ni afya. Kama umoja ulistahimili Sarwatt wakati taifa lilikuwa bado tumboni, utashindwa vipi kumstahimili mweka hazina wa kisima?

Na ukabila, wapendwa, hausubiri mgombea binafsi. Unaingia kwenye kura za maoni za vyama za kuteua wagombea, usiku, pamoja na bahasha. Mnajua.

La pili, tazama Kenya. Nashukuru wanaponiambia nitazame Kenya, kwa sababu nimetazama. Katiba yao ya 2010, Ibara ya 85, inaruhusu mgombea huru kwa sharti kwamba hakuwa mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kwa uwakilishi wa wadi anatafuta wapiga kura 500 wa wadi yake wamuunge mkono. Mia tano! Mjomba angewapata kwa siku tatu, wengine wangetembea wenyewe mpaka kwake. Kwa ubunge ni elfu moja. Mwaka 2017 magavana wawili walichaguliwa bila chama, Ndiritu Muriithi wa Laikipia na Mohamed Kuti wa Isiolo. Mwaka huohuo Kawira Mwangaza alishinda kiti cha mwakilishi wa wanawake Meru bila chama, na 2022 akagombea ugavana, tena bila chama, akamshinda gavana aliyekuwa madarakani na seneta wa chama kilichoshinda urais.

Najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme kilichompata. Nitasema, sina sababu ya kuficha. Bunge la kaunti lilipiga kura ya kumwondoa mara tatu. Seneti ikamwokoa mara mbili, na mara ya tatu, Agosti 2024, ikakubali aondolewe, na Machi 2025 Mahakama Kuu haikumrudisha. Kama makosa yale alistahili kuondolewa kwayo au la, siyo kazi yangu leo. Mnachonirushia ni kwamba mtu asiye na chama hana wa kumkinga, kwa hiyo hawezi kuongoza. Upo ukweli hapo na mimi sikuukataa hata siku moja. Gavana asiye na kundi bungeni anapata taabu, na anayetaka kugombea peke yake aijue taabu hiyo kabla hajachukua fomu. Lakini watu wa Meru walijua hana chama walipompa kura zaidi ya laki mbili. Uamuzi ulikuwa wao. Mimi sidai kwamba mgombea binafsi ni bora kuliko wa chama. Nimesema hivi mara ngapi? Nadai mpiga kura amwone kwenye karatasi ya kura, na kama hamtaki, amkatae mwenyewe.

Wapo wanaosema itakuwa kimbilio la walioshindwa kwenye kura za maoni. Itakuwa, kwa wengine. Uganda uchaguzi wa 2021 uliingiza bungeni wabunge wa kujitegemea zaidi ya 70, wengi kuliko chama kikuu cha upinzani, na sehemu kubwa yao ni watu wa chama tawala waliokosa uteuzi. Sasa kama chama kilimkata mtu na wananchi wakamchagua, nani alikosea?

Nikumbushe na jambo la lugha, maana linatuumiza kuliko tunavyodhani. Tunasema "mgombea binafsi", na masikio ya watu yanasikia "ubinafsi". Nimekaa kwenye mikutano nikaona mzungumzaji anacheza na neno hilo dakika kumi: wabinafsi hao, wanataka mambo yao binafsi. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Warioba ya 2013 ilitumia "mgombea huru", na walifanya vizuri. Nimezoea la zamani kwa sababu ndilo lililoko kwenye hukumu. Ninyi vijana tumieni "huru". Rasimu yenyewe mnajua ilivyokwenda, na kura ya maoni ya wananchi juu ya Katiba mpya, iliyopangwa Aprili 2015, haikupigwa.

Mwenyekiti ameniandikia kikaratasi, dakika tano. Nilikuwa na mambo mengine manne, nitayakimbiza.

Gharama. Mbunge akihama chama leo, kiti kinakuwa wazi na tunarudia uchaguzi kwa fedha za umma. Februari 2018, Kinondoni na Siha, mbunge yuleyule alirudi bungeni akiwa na kadi nyingine. Tulilipia kubadilisha kadi.

Chama kikizuiwa. Mwaka 2025 vyama 18 vilisaini kanuni za maadili ya uchaguzi, CHADEMA hawakusaini, wakaondolewa kwenye uchaguzi. Uwe na msimamo wowote juu ya viongozi wake, sikuulizi. Fikiria diwani wake mmoja, kata moja ya mbali, aliyechimba mtaro kwa jembe pamoja na watu wake. Naye akatoka kwenye karatasi siku hiyohiyo, kwa ugomvi ambao hakuwemo. Chama ndicho mlango pekee; ukifungwa, wote mko nje.

Matajiri. Watanunua, mnasema. Kwa hiyo sasa hivi hawanunui? Tupite.

Masharti. Hakuna anayesema kila mtu aingie kama sokoni. Wekeni saini, wekeni dhamana, wekeni ukomo wa matumizi, muda wa kutokuwa mwanachama kama Kenya. Mahakama ya 2006 iliiambia serikali iandae utaratibu. Sheria mpya ya uchaguzi ya 2024 ilikuwa nafasi nzuri kabisa ya kuuandaa. Ikapita, na udhamini wa chama umo vilevile. La wanawake na viti maalumu nitaliacha, linahitaji siku yake, na mwenyekiti ananitazama vibaya.

Mwaka 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa ulipokaribia, vijana wa kitongoji kile walikwenda kwa mjomba. Baadhi yao walikuwa watoto wadogo wakati daftari hili linaandikwa, majina yao yamo humu, wametumwa ndoo moja moja. Wakamwambia, mzee, jaribu tena. Akawauliza, ile fomu bado ina ule mstari? Wakasema unao. Akaingia ndani, akawatolea daftari, akawaambia wampelekee mwalimu, yaani mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayesafiri kwenye mikutano.

Ninaliacha hapa mezani wakati wa maswali. Anayetaka kuliona aje, ila anawe mikono kwanza, na hiyo fomu msiikunjue, nitaikunjua mwenyewe.